Watu 45 wamekosa chai kwa sababu ya neno "forward". Naomba kueleweshwa

#1 SufuriaKubwa, Jumatatu saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimechoka na hasira bado ninayo, nikiwa mkali mnivumilie.

Mimi napika chai na chakula cha shughuli hapa Dodoma: semina, vipaimara, misiba, vikao vya harusi. Nipo Ipagala. Kipindi hiki cha Bunge la Bajeti kazi zipo, mji umejaa wageni, gesti hazishikiki. Mwanzoni mwa mwezi nilipata kazi kwenye ofisi moja, jina naliacha: chai ya asubuhi ya watu 45, Jumatano tarehe 28, halafu kikao cha kufunga Jumatano ya wiki inayofuata. Mawasiliano yote kwa Kiingereza maana msimamizi ni Mmarekani. Kiingereza changu ni cha shule ya kata na cha kujiongezea kwenye simu. Kusoma nasoma. Kuandika ndiyo naandika taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo kichwani.

Alhamisi iliyopita ukaingia ujumbe huu, nauweka kama ulivyo:

"Please note that next Wednesday's meeting has been moved forward two days."

Nikausoma mara tatu. "Moved", kimesogezwa. "Forward", mbele. "Two days", siku mbili. Basi kikao cha Jumatano kimesogezwa mbele siku mbili: Alhamisi, Ijumaa. Nikajibu "Okay, noted", nikaenda kwenye kalenda ya ukutani nikaandika IJUMAA na duara juu. Nikampigia muuza mayai wa soko la Majengo, trei zangu azilete Alhamisi jioni, Jumanne asihangaike.

Leo saa 3 na dakika 10 asubuhi niko uani nasugua sufuria kwa majivu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Simu ikaita. Dada wa mapokezi, anaongea kwa kunong'ona: "Dada, chai imefika wapi?" Nikamwuliza chai ipi. Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia viti vinaburutwa na watu wanacheka, wale watu wa semina ambao hawajaanza kusinzia bado. Ndipo akasema: "Si leo?"

Sitawasimulia yote. Bodaboda wawili. Chapati nilizozoa kwa mama lishe watatu kuanzia hapa mtaani mpaka stendi ya Nanenane, nyingine nene nyingine nyembamba, ukiziangalia kwenye sinia unajua kabisa hazina mama mmoja. Mayai hakuna. Chai ilifika saa 5 kasoro robo, na chupa moja haikuwa na sukari. Faida yote imeishia kwa bodaboda na hao mama lishe.

Mmarekani hakufoka. Alisema tu, "But I told you." Hicho ndicho kinachoniuma, maana na mimi nilisoma alichoniambia. Nani amekosea hapa?

#2 MtotoWaBarabaraYaSita, saa 2:20 usiku

Pole sana dada. Kiingereza kilikuja na meli, na kitaondoka na meli. Naweka kiti hapa.

#3 Kamusi_Kavu, saa 2:31 usiku

Umekosea wewe, samahani. Fungua kamusi yoyote uangalie "bring forward": kufanya jambo liwe mapema kuliko lilivyopangwa. Kiko wazi. Watu mnatafsiri neno kwa neno halafu mnalaumu lugha.

#4 SufuriaKubwa, saa 2:35 usiku

Kaka, ujumbe hauna "bring". Una "moved". Rudi usome.

#5 Kamusi_Kavu, saa 2:38 usiku

Ni yale yale.

#6 DerevaWaKibaigwa, saa 2:44 usiku

Si yale yale hata kidogo. Na wewe uliye na kamusi nikuulize. Mimi nina kesi ya ajali, tangu mwaka jana inasogezwa mbele. Kila nikienda karani anasema "imesogezwa mbele". Ingekuwa mbele ni mapema, kesi yangu ingekuwa imeisha kabla sijagonga.

#7 MtotoWaBarabaraYaSita, saa 2:45 usiku

😂😂😂 Uzi ufungwe, mshindi kapatikana.

#8 MwalimuChaki, saa 3:22 usiku

Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 17, sasa nipo upande wa Kondoa. Dada Sufuria, pole. Kamusi_Kavu ana nusu ya ukweli, na kwenye chai ya watu 45 nusu ya ukweli ni hasara.

"Bring forward" inapohusu tarehe imeshafungwa: ni mapema. Mwingereza hatakubishia. "Put back" na "push back" nazo kwa kawaida ni baadaye. Ila "move forward" iko wazi pande zote mbili, na siyo kwa sisi tuliojifunza darasani peke yetu. Wenye lugha wenyewe wanagawanyika. Sentensi uliyotumiwa inakaribia kufanana neno kwa neno na ile ambayo wataalamu wa saikolojia wa Marekani wanaitumia kupima jinsi watu wanavyouwaza wakati: kikao cha Jumatano ijayo kimekuwa "moved forward two days", je, sasa ni lini? Wapo wanaosema Jumatatu, wapo wanaosema Ijumaa, na kila upande unashangaa kwamba upande wa pili upo.

Maelezo yao ni haya. Mtu anaweza kujiona yeye ndiye anayetembea kuelekea siku zijazo, kama basi linavyotoka Dodoma kwenda Singida. Kwa huyo, mbele ni kule anakokwenda, kwa hiyo kikao kinaenda mbali naye: Ijumaa. Mwingine anajiona amesimama kituoni na siku ndizo zinazomjia. Kwa huyo, mbele ya siku ni uso wa hiyo siku, unaomwelekea yeye. Kikao kikisogea mbele kinamkaribia: Jumatatu.

Mwaka 2002 Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha utafiti ambao sehemu yake waliifanya uwanja wa ndege na kwenye treni. Waliotoka kushuka kwenye ndege walielekea zaidi kujibu Ijumaa kuliko waliokuja kupokea watu. Kwenye treni, waliokuwa mwanzoni au mwishoni mwa safari walielekea Ijumaa kuliko waliokuwa katikati. Lugha ni ileile, swali ni lilelile, kilichobadilika ni mtu alikuwa wapi na anawazia nini.

Kwa hiyo Mmarekani wako hakusema uongo, na wewe hukusoma vibaya. Aliandika sentensi yenye milango miwili, akapita wa kwake, akadhani umemwona.

#9 SufuriaKubwa, saa 3:30 usiku

Mwalimu, hapo kwenye milango miwili umenipoza moyo. Lakini kwa nini mimi sikuuona kabisa ule mlango wa pili? Nimesoma mara tatu!

#10 MwalimuChaki, saa 3:41 usiku

Kwa sababu ulisoma Kiingereza kwa macho ya Kiswahili, na Kiswahili chetu cha tarehe kina mlango mmoja. Shughuli ikisogezwa mbele imechelewa, ikirudishwa nyuma imewahi. Harusi ya mdogo wangu ilirudishwa nyuma wiki mbili ili isiangukie Kwaresima, na hakuna mwalikwa hata mmoja aliyekuja siku isiyo yake. Ukiwa na hakika namna hiyo kwenye lugha ya nyumbani, huoni shaka kwenye lugha ya ugenini. Neno usilolijua ungeliuliza. Hili ulidhani unalijua.

#11 NesiWaZamu, saa 4:58 usiku

Samahani, nipo zamu nachangia kwa kuibia. Mwalimu, siafiki kwamba Kiswahili kina mlango mmoja.

Asubuhi benchi la zahanati limejaa. Anakuja mama mjamzito mwenye uchungu, au mtoto mwenye degedege. Tunasemaje? "Msogezeni mbele." Maana yake amwone daktari mapema. Sijawahi kusikia mtu kwenye foleni akilia kwamba amesogezwa mbele kwa hiyo ataonwa kesho. Wanaolia ni wale waliorudishwa nyuma.

Kwa hiyo kwenye foleni mbele ni mapema, kwenye kalenda mbele ni baadaye. Kitenzi kilekile, neno lilelile, mdomo uleule, tena vyote nimevitamka leo kabla ya saa 4 asubuhi. Mgonjwa nimemsogeza mbele, na kliniki ya wiki hii nimewaambia akina mama imesogezwa mbele.

#12 DerevaWaKibaigwa, saa 5:03 usiku

Nesi umenichanganya. Nimesoma nikiwa nimelala, nimekaa.

#13 MwalimuChaki, saa 5:10 usiku

Nesi, nimekubali, na nimeona aibu kidogo. Miaka 17 nawaambia wanafunzi kwamba Kiingereza ndicho chenye vituko.

Basi ndiyo hivyo. Mmarekani alikiona kikao kama mgonjwa kwenye benchi: vikao vimejipanga, cha kwake kimeruka watu wawili kuja kwa daktari. Dada Sufuria alikiona kama kesi ya Dereva.

#14 BabuWaHombolo, Jumanne saa 12:05 asubuhi

Mbukwenyi wanangu. Wazee tunaamka mapema, nimeusoma wote kabla sijaenda kwenye mizabibu.

Mmesahau jambo moja. Mtu akifa tunasema ametangulia mbele ya haki. Ametangulia, yuko mbele. Sisi tutamfuata, tuko nyuma yake. Lakini huyohuyo marehemu mkianza kusimulia mambo yake mtasema "siku za nyuma alikuwa mkali sana". Sasa baba yangu yuko mbele au yuko nyuma? Yuko kotekote, na hakuna mjukuu aliyewahi kuniuliza.

Kingine, huu ujumbe ungekuja kwa mtu mzima angepiga simu. "Mwanangu, chai ni siku gani?" Maneno matano.

#15 SufuriaKubwa, saa 12:40 asubuhi

Shikamoo babu. Kupiga simu nilikuwa naogopa. Kwenye maandishi naweza kusoma mara tatu, kwenye simu akisema mara moja imepita. Ningemwomba arudie, angeona sijui Kiingereza, kazi angempa mwingine. Watu wengi wa kazi zangu tunasema "okay, noted" kwa sababu hiyo tu.

#16 BabuWaHombolo, saa 12:52 asubuhi

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Mimi nilimwambia Mzungu "yes" mwaka mzima, alikuwa ananiuliza kama nina ng'ombe wa kuuza. Sikuwa nao.

#17 KiongoziWaMichoro, saa 1:25 asubuhi

Natembeza wageni kwenye michoro ya miambani huku Kolo, Kondoa, ile iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Yangu ni fupi ila inaingia humu.

Wageni Wajerumani, tunaongea Kiingereza, wao siyo chao na mimi siyo changu. Wakaniambia jioni: "Tomorrow, half seven." Nilikuwa nimefundishwa na Waingereza kwamba hiyo ni saa 7 na nusu kwa saa ya kizungu, yaani saa 1 na nusu yetu. Nikafika saa 1 na nusu kamili, shati limenyooka. Wamekaa getini tangu saa 12 na nusu, baridi ya Kondoa imewapiga, hawanisalimii. Kwa Mjerumani, nusu ya saba ni nusu ya kuielekea saba, saa 6 na nusu ya kizungu, yaani saa 12 na nusu yetu. Walichukua hesabu ya kwao wakaivika maneno ya Kiingereza.

Tangu siku hiyo namwonyesha mgeni saa ya mkononi, nagusa kioo kwa kidole: mshale huu hapa, na huu hapa.

#18 Kamusi_Kavu, saa 1:40 asubuhi

Nimelala nimeamka, nakubali kwamba "moved" siyo "brought". Lakini bado nasema mtu wa biashara ajifunze Kiingereza sanifu yasimkute haya.

#19 KaraniMstaafu, saa 2:15 asubuhi

Sanifu ipi, kijana? Ya London au ya Washington? Nimeandika mihtasari ya vikao maisha yangu yote. Wanaofuatilia Bunge hapa wanajua kwamba hati "huwasilishwa mezani". Tulirithi kwa Mwingereza: kwake "to table" ni kulileta jambo mezani lijadiliwe. Kwa Mmarekani neno hilohilo ni kuliweka kando lisijadiliwe. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia wakuu wa majeshi wa nchi hizo mbili walibishana kwa muda mrefu mpaka ukali ukaingia, upande mmoja unataka waraka uwe "tabled" kwa sababu ni wa haraka, upande wa pili hautaki kwa sababu hiyohiyo. Walikuwa wanataka kitu kimoja. Churchill mwenyewe ameyaandika hayo. Hao wote walizaliwa na Kiingereza, na walikuwa na makarani kuliko mimi.

#20 NipoKwenyeSGR, saa 2:50 asubuhi

Nimetoka Dar alfajiri nakuja Dodoma kwa treni, tumeshapita mahandaki ya Kilosa, mtandao umerudi nikakuta uzi huu. Mwalimu kasema treni, nikajaribu. Nimewasomea majirani zangu ile sentensi.

Mama wa kushoto mwenye mtoto: "Ijumaa, kwani kuna nini?" Mwanafunzi wa UDOM aliye mbele yangu: "Jumatatu", kavua na earphone kusema hivyo. Wakaangaliana. Wanabishana mpaka sasa, na mzee wa kule dirishani ameingilia anasema ni Jumamosi, ila nadhani hakusikia swali.

Mimi binafsi nasema Ijumaa. Lakini niko katikati ya safari, mwalimu, jibu langu linahesabika?

#21 MwalimuChaki, saa 2:58 asubuhi

Watu watatu hawatoshi kitu, na mmoja wao kasema Jumamosi. Safari njema.

#22 MtotoWaBarabaraYaSita, saa 3:00 asubuhi

Mimi nataka kujua, kwani Jumamosi anaipataje? 😂

#23 NipoKwenyeSGR, saa 3:06 asubuhi

Nimemwuliza. Anahesabu siku mbili kamili za katikati: Alhamisi moja, Ijumaa mbili, kikao Jumamosi. Kumbe alisikia vizuri. Namwomba radhi.

#24 NesiWaZamu, saa 3:15 asubuhi

Huyo mzee anahesabu kama wagonjwa wangu wa dozi. "Kunywa baada ya siku mbili" ni mgogoro mwingine, nikianza sitatoka zamu.

#25 SufuriaKubwa, saa 6:22 mchana

Wakuu nimerudi, na ninahitaji msaada wa haraka, utani pembeni.

Ujumbe mwingine umeingia sasa hivi kutoka kwa yuleyule, kuhusu kile kikao cha kufunga cha Jumatano ijayo:

"The closing session has been pushed back a day."

"Back" ni nyuma. Kimesukumwa nyuma siku moja. Jana ningekwambia Jumanne bila kupepesa macho. Lakini nimemsoma mwalimu hapo juu, "push back" ni baadaye, yaani Alhamisi. Niko sahihi?

#26 MwalimuChaki, saa 6:30 mchana

Alhamisi. Lakini usiishie kwangu. Mwulize yeye, na usimwulize "lini", utapewa neno jingine la milango miwili. Mwulize tarehe. Mwandikie hivi: "What date, please?" Hayo tu, hakuna atakayekucheka.

#27 SufuriaKubwa, saa 6:34 mchana

Nimetuma. Mikono inatetemeka kama nimeomba mkopo.

#28 BabuWaHombolo, saa 6:36 mchana

Umefanya vizuri mwanangu.

#29 DerevaWaKibaigwa, saa 6:50 mchana

Nimepaki pembeni Mbande nasubiri jibu na abiria wangu wote. Nimewasimulia.

#30 SufuriaKubwa, saa 7:12 mchana

Amejibu! Mpole sana, ameweka na uso wa kucheka. Nanukuu:

"Of course! 06/05."

Wakuu. Leo ni tarehe 27 mwezi wa 5. Tarehe 6 mwezi wa 5 si imeshapita?

#31 KaraniMstaafu, saa 7:14 mchana

Mmarekani huyo. Anaanza na mwezi. Ni tarehe 5 mwezi wa 6, Alhamisi.

#32 MtotoWaBarabaraYaSita, saa 7:15 mchana

Dada, ukifika na chai tarehe 6 mwezi wa 5 utakuwa mtoa huduma wa kwanza Dodoma kuwahi kwa mwezi mzima.

#33 SufuriaKubwa, saa 7:21 mchana

Nimeandika ukutani: ALHAMISI TAREHE 5 JUNI. Nimepiga picha kalenda nikamtumia, kidole changu kiko juu ya ile siku kama KiongoziWaMichoro anavyofanya na saa yake. Amerudisha dole gumba.

Muuza mayai nimempigia. Nikamwambia zile trei za Alhamisi hii basi, kazi imeshapita, alete za Jumatano ijayo jioni. Akaniuliza: "Jumatano ijayo ni hii ya kesho, au ile nyingine?"

#34 DerevaWaKibaigwa, saa 7:24 mchana

Abiria wanasema mtumie picha ya kalenda na yeye.